Gari la Sapporo kwenye sakitu ya Makete

Juni ikishaingia, Nyanda za Juu Kusini huanza msimu wa kusukuma. Njombe, Makete, Mufindi, Uporoto, kote huko vijana wa stendi, makoti yamefungwa hadi shingoni, huitwa alfajiri kuegemeza mabega nyuma ya Noah na Hiace zilizolala nje. Pembeni kuna Fuso lililopakia viazi tangu jana jioni. Linazungushwa, linakohoa, linatoa moshi mweupe, linanyamaza. Dereva anateremka, anakifunua kichwa cha gari, anaitazama injini kwa muda kisha anatamka hukumu ambayo kila mtu pale ameshaikariri: baridi.

Mimi nadhani baridi inasingiziwa.

Si kwamba haipo. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unaanzia kama mita 2,600, huku kilele cha Mtorwi kikifika mita 2,961. Kati ya Juni na Agosti usiku wa huko hufika nyuzi sifuri na kwenda chini yake. Kukicha nyasi na majani ya viazi ni meupe kwa sakitu, na kioo cha mbele cha gari kinataka kukwanguliwa. Watu wa Kinangop na Timboroa kule Kenya wanaifahamu hali hiyo. Hata madereva wa watalii wanaolala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kiasi cha mita 2,300, wanajua maana ya kuamka mapema ili gari liwe tayari kabla lango la kushukia halijafunguliwa saa kumi na mbili.

Lakini hebu tuangalie gari lenyewe lilikotoka. Sehemu kubwa ya magari yetu ni ya mtumba kutoka Japani. Huko, katika jiji la Sapporo kisiwani Hokkaido, wastani wa joto la Januari, mchana na usiku ukichanganya, ni kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Kwa ajili ya mikoa ya namna hiyo Wajapani huunda magari ya toleo la baridi: betri kubwa kuliko kawaida, kulanti iliyokolezwa, na katika baadhi ya magari stata yenye nguvu zaidi. Tuseme gari mojawapo la huko limefika Makete. Miaka kadhaa liliwaka kila asubuhi likiwa limezikwa na theluji, na leo limeshindwa na usiku ambao Sapporo wangeuita wa kawaida tu. Baridi ya Makete haijaizidi ile. Kilichotokea ni kwamba njiani, kati ya bandari ya Dar es Salaam na Makete, gari lilipita katika mikono iliyozoea joto, likavuliwa kimoja kimoja. Themostati ikatolewa. Kulanti ikamwagwa, yakajazwa maji ya bomba. Oili nyepesi ikapisha nzito, betri ikapisha ya bei poa. Kila jambo lilikuwa na sababu yake siku lilipofanyika, na pwani hakuna hata moja lililoonekana kuwa kosa.

Tuanze na dizeli, maana ndiyo inayobeba viazi, mbao na chai ya nyanda hizo. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa hadi ibaki na sehemu moja hivi ya 20 ya nafasi iliyokuwa nayo, hewa hupata moto mkali kwa kubanwa huko, kisha nozeli hunyunyiza dizeli nayo ikajiwakia yenyewe. Kwa hiyo asubuhi kila kitu kinategemea joto la kubanwa, na asubuhi ya Julai kuna wezi watatu wa joto hilo. Hewa inayoingia ni baridi tangu mwanzo. Chuma cha silinda kimelala nje usiku kucha, hivyo kinanyonya joto kabla dizeli haijalifaidi. Tena hewa yenyewe ni chache: kwenye mita 2,600 mgandamizo wa hewa ni chini kidogo ya robo tatu ya ule wa Tanga au Mtwara. Ukiongeza stata inayozunguka kwa uvivu, hewa inapata muda wa kuvujia pembeni mwa ringi kabla haijafikia moto unaotakiwa. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla ya kufungua chochote, husikiliza kwanza mwendo wa stata. Injini inayozunguka haraka bila kushika ina tatizo tofauti kabisa na ile inayojivuta.

Ili kufidia joto hilo, injini nyingi ndogo za dizeli zina plagi za kupashia, ambazo gereji zetu huziita hita plagi. Chukua injini ya 1HZ ya Toyota, lita 4.2, silinda sita, ile iliyo ndani ya Land Cruiser nyingi ambazo Watanzania wameziita mkonga. Kila silinda ina plagi yake. Ukifungua swichi, ile taa ya mviringo kama chemchemi huwaka kwenye dashibodi, na wakati huo ncha za plagi zinaiva na kuwa nyekundu ndani ya chumba kidogo cha kuchomea. Taa ikizimika ndipo unapiga stata. Madereva wetu wengi hawaingoji. Wamejifunza udereva Morogoro au Dar es Salaam, ambako injini huwaka hata plagi zote zikiwa zimekufa, na taa ile kwao ni pambo.

Plagi hizi hufa polepole, nalo ndilo tatizo lake. Ikifa moja kati ya sita, gari litawaka kwa tano, litatetemeka kidogo na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi inayochoma macho, kisha litatulia. Mwenye gari hatajua. Zikifa tatu ndipo anapoanza kutafuta vijana wa kusukuma, na kwa kuwa saa nne jua likiwa kali gari huwaka bila shida, anajiridhisha kwamba ni hali ya hewa. Kuzipima ni kazi ya dakika chache. Unafungua bamba linaloziunganisha, unachukua taa ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine kwenye kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, plagi haijakatika, isipowaka, imekwisha. Zibadilishwe zote kwa pamoja, na kabla ya kununua usome maandishi yaliyopigwa kwenye plagi ya zamani. Katika magari haya zipo plagi zilizoundwa kwa volti chini ya 12, zinazopewa umeme kwa mpangilio maalumu, na ukikosea aina hazitapata moto wa kutosha au zitaungua wiki ya kwanza.

Kuna ufundi wa hapa kwetu ambao siupendi: rilei ya plagi ikiharibika, fundi hupitisha waya moja kwa moja hadi kitufe kilichotobolewa kwenye dashibodi, dereva abonyeze mwenyewe. Inafanya kazi, sikatai. Lakini dereva mwenye wasiwasi hubonyeza hadi plagi zivimbe ncha, na plagi iliyovimba haitoki kwenye kichwa cha injini bila kesi. Malori makubwa ni habari nyingine. Mengi hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na hayana plagi hizi. Baadhi yana hita kwenye bomba la kuingizia hewa, mengine hutegemea ukubwa wa injini na nguvu ya betri peke yake.

Betri ndipo wengi wanapokwamia. Umeme wake unatokana na kemia, na kemia kwenye baridi huenda kwa kusuasua. Betri iliyojaa, kwenye nyuzi sifuri, nguvu yake ya kuzungusha stata hupungua kwa takribani theluthi moja. Wakati huohuo injini inadai nguvu zaidi kwa sababu oili imekuwa nzito. Betri iliyochoka inaweza kufanya kazi Mikumi mwaka mzima bila kulalamika, ikapanda Makambako ikalala usiku mmoja, na asubuhi ikatoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki unaomkata mtu maini.

Kipimo cha umeme cha bei ndogo, kile chenye waya mwekundu na mweusi, kitamaliza ubishi. Pima alfajiri gari likiwa limelala usiku mzima. Volti 12.6 maana yake betri imejaa. Volti 12.2 ni nusu tu. Halafu mtu apige stata huku unatazama: ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, ama betri imechoka au haikujaa. Injini ikiwaka, altaneta iwe inarudisha kati ya 13.8 na 14.4. Nimeona watu wakinunua betri mpya mara mbili kwa msimu, kumbe kilichokuwa kibovu ni altaneta, au waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini, ulioshika kutu chini ya boliti moja. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi, visuguliwe mpaka ving'ae, vikazwe, ndipo vipakwe grisi. Grisi iwe juu, si chini, maana nimewaona pia wanaopaka grisi kwanza kisha wakashangaa umeme haupiti.

Namna ya kupiga stata nayo ina adabu yake. Zima taa, redio na feni. Kanyaga klachi hata kama gia iko huru, kwa sababu oili ya gia ni nzito kuliko ya injini na hakuna haja ya stata kuikoroga nayo. Piga sekunde 10, si zaidi ya 15, kisha uache dakika nzima. Betri hupata nafuu kidogo ikipumzishwa, na stata isiyopumzishwa huungua. Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi: kabla Cadillac haijaanza mwaka 1912 kuuza magari yenye stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering, kuwasha gari kulikuwa kazi ya mkono na hendeli, na hendeli iliyorudi nyuma ilivunja watu mikono. Land Rover za zamani ziliendelea kuja na tundu la hendeli kwa miaka mingi baada ya hapo. Wazee wa Mbeya waliozizungusha wanajua kwamba mizunguko ya kwanza hufanywa swichi ikiwa imefungwa, kuilegeza oili tu, ndipo umeme ufunguliwe.

Kuazima umeme kwa jirani kuna hatari ambayo stendi zetu huichukulia kirahisi mno. Malori mengi ni ya volti 24, na hata baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina betri mbili zilizofuatanishwa kutoa 24. Ukiunganisha Noah ya volti 12 na Fuso lenye volti 24 unaunguza kompyuta yake kabla hujasema asante. Kama magari ni ya volti sawa, chanya iende kwa chanya; waya wa hasi, upande wa gari lililogoma, ufungwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka na cheche ya mwisho isitokee juu yake.

Na kusukuma? Gari la gia za mkono huwaka kwa kusukumwa, gia ya pili, klachi ikaachiwa. Ndiyo maana madereva wa milimani hulaza gari kwenye mteremko na jiwe chini ya tairi, na sioni ubaya. Ila injini ikiwa imezima, usukani wa msaada ni mgumu na breki hazina nguvu zake za kawaida. Gari lililoshindwa kuwaka likiwa limeshashika kasi ya mteremko wa Matamba ni jambo la kutisha. Gari la otomatiki halisukumwi. Vijana wa stendi watasukuma kwa kuwa wanalipwa, lakini halitawaka.

Oili nitaipitia kwa haraka. Maandishi ya kopo yana namba mbili: ile inayoambatana na herufi W ni tabia ya oili ikiwa baridi, na ya pili ni tabia yake ikiwa moto. Oili ya 15W-40 hupimwa jinsi inavyoiruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na 5W-30 kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hakuna usiku wa Tanzania, ukiacha kule juu Kilimanjaro ambako magari hayafiki, unaokaribia hapo. Kwa hiyo dizeli ya zamani yenye 15W-40, au gari la petroli lenye oili iliyotajwa kwenye kitabu chake, halina kisingizio. Tatizo ni oili ya namba moja tu, ile ya 40 inayouzwa kwenye madumu, na 20W-50 inayotiwa kwenye injini ndogo za kisasa zilizoundwa kwa 5W-30. Mara nyingi fundi huichagua kwa sababu injini imechakaa na inakula oili. Nzito huficha moshi. Mwenye gari anaona amepona. Asubuhi ya Julai anailipia, maana kwa dakika ya kwanza oili hiyo inachelewa kufika kwenye kemushafti na kwenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, na vyuma vinasagana vikavu.

Sasa themostati, ambayo ningependa ichukue nafasi kubwa kuliko zote. Ni kijilango kidogo cha nta na springi, kimekaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi kimefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake na kupata moto upesi. Yakifika kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, kulingana na gari, nta inatanuka na lango linafunguka, maji yanaenda kwenye rejeta kupoa. Basi. Hakina umeme, hakina kompyuta, na katika gereji zetu hakina mtetezi. Gari likichemsha mara moja tu njiani, jambo la kwanza ni kukitoa na kukitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama gari lingekaa Dar es Salaam maisha yake yote. Fikiria lori la viazi. Linaondoka Makete alfajiri kwenye sakitu, linapita Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa, linashuka Kitonga, na siku hiyohiyo linakatiza Ruaha Mbuyuni na Mikumi kwenye nyuzi 30 na kitu. Ndani ya safari moja injini imekutana na majira mawili. Hakuna dereva anayeweza kufungua na kufunga rejeta kwa mkono kufuata hali ya njia, ingawa wapo wanaojaribu kwa kuweka boksi la kadibodi mbele ya rejeta kutoka Makete na kulitoa wakifika Iringa. Wakilisahau, Kitonga wanapandia kesi nyingine wakati wa kurudi. Kijilango kile cha nta hufanya kazi hiyo bila kusahau.

Injini isiyo na themostati huko juu haipati joto kamwe. Tazama mshale wa joto kwenye mikonga mingi ya Njombe: umelala chini asubuhi hadi mchana, na mwenye gari anafurahi kwamba gari lake halichemshi. Kumbe dizeli haiungui yote, masizi yanajaa kwenye nozeli na ringi, gari linakunywa mafuta kupita kiasi, na unyevu unaotokana na kuungua kwa mafuta unabaki ndani ya oili badala ya kufukizwa. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, inawezekana ni gasketi ya kichwa imekufa, lakini kwa gari la safari fupi fupi kwenye baridi mara nyingi ni mvuke uliokosa joto la kuufukuza. Isitoshe, katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka kwenye mlima mrefu lenye mzigo. Yaani limetolewa kifaa ili lisichemke, sasa linachemka kwa kukosa kifaa. Rejeta iliyoziba kwa kutu ndiyo ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo, ila kuisafisha ni kazi ya siku nzima na kutoa themostati ni boliti mbili.

Kutu hiyo inatokana na maji matupu. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, hustahimili hadi zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Hilo la mwisho lina uzito milimani, kwa sababu kwenye mita 2,600 maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima huongeza mgandamizo na kulirekebisha hilo. Kifuniko kilichochoka hakifanyi lolote. Na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Usiku mmoja mkali wa Kitulo unaweza kupasua rejeta ya gari lililoachwa na maji matupu, hata kuisukuma nje mifuniko ya chuma ya pembeni mwa injini. Tahadhari moja: kulanti ina utamu, na ni sumu. Isimwagwe mahali mbwa au mtoto anaweza kuilamba.

Mafuta yenyewe nayo yana vitimbi vyake. Nchini Ujerumani, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari, vituo huuza dizeli ya majira ya baridi inayopaswa kupita kwenye filta hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Dizeli ya kawaida kwenye baridi hutoa chembe za nta zinazoziba filta. Yetu haikuandaliwa kwa baridi ya namna hiyo, lakini kwa usiku wetu adui wa kawaida ni maji. Tanki likilala nusu, hewa yenye unyevu iliyo juu ya mafuta hupoa na kutoa matone, matone huzama chini ya dizeli. Jaza tanki jioni, siyo asubuhi. Legeza kibomba cha chini ya filta ya dizeli kila baada ya wiki mbili wakati wa kipupwe, utaona mwenyewe kinachotoka. Wanaochanganya mafuta ya taa ili dizeli iwe nyepesi wanaiua pampu, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi vyuma vyake kama dizeli.

Upande wa petroli mambo ni mepesi. Petroli kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo injini inataka mchanganyiko uliokolea zaidi kwa muda mfupi. Gari la kompyuta hujikolezea lenyewe likisoma kihisi cha joto la maji; kihisi kikidanganya, gari linasumbua asubuhi na hakuna plagi mpya itakayolisaidia. Bodaboda nyingi, Boxer, TVS na wenzao, bado zina choki. Ivute, piga kiki mara mbili tatu swichi ikiwa imefungwa, fungua swichi, piga tena. Injini ikitulia irudishe. Waendesha boda wengi wa Njombe huisahau ikiwa imevutwa hadi sokoni, plagi inajaa masizi meusi, na petroli inaosha oili kwenye silinda.

Kuna njia za mkato ambazo sitazionea aibu kuzikataza. Spreya ya etha, au kitambaa chenye petroli kilichowekwa kwenye mdomo wa filta ya hewa, huwasha injini kweli. Kwenye injini yenye hita plagi au hita ya hewa iliyokwishapata moto, inaweza kulipuka kwenye bomba la hewa au kuvunja pistoni. Jiko la mkaa chini ya sampu nalo lina mashabiki, nami naelewa mantiki yake, lakini juu ya jiko hilo kuna oili iliyovuja miaka kumi, mipira ya dizeli na nyaya. Na gari lisiachwe linaunguruma ndani ya banda lililofungwa, wala utingo asilale ndani ya kichwa cha lori vioo vikiwa vimepandishwa injini inawaka kwa ajili ya hita. Gesi inayoua ni ileile ya jiko la mkaa chumbani, haina harufu, na watu wa nyanda za juu wameshazika wengi kwa sababu yake.

Injini ikishawaka, isiungurumishwe. Wengi hukanyaga mafuta kwa fujo ili ipate moto, katika ile dakika ambayo oili haijafika kila mahali. Iache itulie kwa nusu dakika au dakika moja, kisha uondoke taratibu, bila kuivuta gia. Mzigo mdogo huipasha injini haraka kuliko kuisimamisha nusu saa nje ya geti. Lori lina udhuru wa kusimama kwa kuwa lazima lisubiri upepo wa breki ujae. Moshi mweupe unaotoweka baada ya kilomita chache ni mvuke. Ukiendelea hadi injini ina moto, mpelekee fundi gari.

Na ukiamua kumpelekea, usiende saa tano asubuhi gari likiwa limeshatembea. Atapiga stata, litawaka papo hapo, atakwambia halina tatizo, au atabadilisha kitu ilimradi upate kumlipa. Lipeleke jioni, lilale uani kwake bila kufunikwa, mwambie asiliguse wala kuliwasha mpaka ufike. Njoo naye saa kumi na mbili, kipimo cha volti kikiwa mkononi, kabla jua halijagusa boneti.